Miaka minane baada ya kutolewa mtoto wa jicho: kisa cha msichana wa Chanika

Msichana ana miaka tisa, yuko Darasa la Tatu, anaishi Chanika na wazazi wake na bibi. Akivaa miwani, jicho la kushoto linasoma mstari wa 6/18 kwenye ubao, yaani kwa mita 6 linasoma kile ambacho jicho zima linakisoma kwa mita 18. La kulia linaishia 6/60, yaani herufi ile kubwa ya juu kabisa. Macho yote mawili yalifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho alipokuwa na miezi tisa, kwa wiki moja ya kupishana, na mikono ileile. Vidonda vilipona vizuri na lenzi za bandia zimekaa katikati mpaka leo. Ukisoma karatasi ya chumba cha upasuaji peke yake utasema macho haya ni pacha.

Tofauti ilitoka nje ya chumba cha upasuaji, na ndiyo inayochambuliwa hapa. Kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kliniki za macho za watoto Dar es Salaam. Si faili la mtoto mmoja.

Kabla ya upasuaji: miezi sita na nusu iliyopotea

Bibi ndiye aliyeona kwanza. Mtoto alikuwa na wiki kumi, wakati wa chanjo ya pili, na katikati ya mboni palionekana weupe kama tone la maziwa alipogeuzwa upande wa dirisha. Kliniki akapimwa uzito, akachomwa sindano, na mama akaambiwa asubiri mtoto akue, huenda ni ukungu tu. Jibu hilo linatolewa mno, na linapata nguvu kutokana na imani kwamba mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee. Lenzi ya mtoto iliyoingia ukungu tangu tumboni haitakati kwa kukua.

Kipimo ambacho kingemaliza ubishi kinachukua dakika moja. Chumba kinatiwa kiza, mtoto anapakatwa, mpimaji anasimama umbali wa mkono mmoja na oftalmoskopu, kitochi cha kuchungulia ndani ya jicho, na kuangaza mboni zote mbili kwa pamoja. Mwanga unaorudi unatakiwa ufanane kulia na kushoto. Kwa watoto wetu hauwi mwekundu wa kuwaka kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Mara nyingi ni rangi ya chungwa iliyofifia, na nesi asiyejua hilo anaweza kumwita mzima mgonjwa au mgonjwa mzima. Cha kutafuta ni kivuli, weupe, au jicho moja kutofanana na lenzake. Watoto wanakwenda chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nafasi tatu zilikuwepo, na hakuna hata moja iliyotumika.

Kwa nini wiki zihesabiwe hivi? Ubongo unajifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na usipoletewa picha safi unaacha kujenga njia zake. Mtoto mwenye ukungu mzito macho yote mawili anafaa awe amefanyiwa upasuaji kufikia wiki ya 6 hadi ya 8. Mwenye ukungu jicho moja anawahi zaidi, wiki ya 4 hadi ya 6, kwa sababu jicho zima linalinyang'anya bovu nafasi kwenye ubongo. Kuwahi kupita kiasi nako kuna hatari: upasuaji kabla ya wiki nne unaongeza uwezekano wa glakoma, presha ya jicho inayoua neva, baadaye. Mlango ni mwembamba, na mtoto huyu aliufikia umeshafungwa. Alipoletwa ana miezi minane, macho yalikuwa yameanza kuchezacheza yenyewe kushoto na kulia. Mchezo huo ukishaanza, mara nyingi haukomi hata lenzi ikitolewa, na unaweka dari juu ya uoni atakaoupata. Kwa hiyo hata jicho lake la kushoto, lililokwenda vizuri, halikutarajiwa kufika 6/6.

Chanzo kilitafutwa. Tangu Tanzania ianze chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, rubela ya tumboni, yaani mama kuambukizwa akiwa mjamzito, si jibu la kwanza tena kwa kila mtoto, lakini lazima iulizwe, maana inakuja na matatizo ya moyo na usikivu. Moyo na masikio ya mtoto yalikuwa salama. Mama alipoulizwa vizuri zaidi ndipo akakumbuka kwamba kaka yake alifanyiwa upasuaji wa macho akiwa mdogo. Habari ya mjomba ilitakiwa iulizwe siku ya kwanza. Mtoto wa jicho wa kurithi mara nyingi hupita kwa namna ambayo kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupata, na katika familia za hivyo mtoto mchanga anaangaliwa mboni wiki ya kwanza, bila kusubiri weupe uonekane.

Upasuaji

Alilazwa, akaahirishwa wiki tatu kwa mafua. Uamuzi ulikuwa sahihi: nusu kaputi kwa mtoto mwenye makamasi na kifua ni hatari kubwa kuliko wiki tatu za ziada katika umri huo. Angekuwa na wiki sita za umri, hesabu ingekuwa ngumu zaidi.

Akiwa usingizini alipimwa urefu wa jicho kwa altrasaundi: kulia milimita 19.6, kushoto 19.8. Mkunjo wa konea, kioo cha mbele cha jicho, ulikuwa wastani wa dayopta 44.5; dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi. Kwa vipimo hivyo, lenzi ya kumfanya aone mbali bila miwani siku hiyohiyo ingekuwa karibu dayopta 32. Akawekewa ya 26. Sababu inawashangaza wazazi wengi, na isipoelezwa inaleta ugomvi baadaye: jicho la mtoto linakua. Linazaliwa na urefu wa karibu milimita 17 na linafika 23 au 24 utu uzimani, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni miaka miwili ya mwanzo. Ukimpa lenzi kamili leo, akifika darasa la kwanza atakuwa na uoni hafifu wa mbali wa kutisha. Kwa hiyo chini ya miaka miwili nguvu inapunguzwa kwa karibu asilimia 20, miaka miwili hadi minane kwa karibu asilimia 10, na pengo linazibwa na miwani inayobadilishwa jicho linavyokua. Miwani baada ya upasuaji ni nusu ya pili ya lenzi.

Je, alistahili lenzi ya bandia katika umri huo? Hoja ya upande wa pili ni nzito. Utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto wachanga 114 wenye mtoto wa jicho upande mmoja, waliofanyiwa upasuaji wakiwa na mwezi mmoja hadi sita, ulionyesha kwamba waliowekewa lenzi ndani hawakuona vizuri kuliko waliovaa lenzi za juu ya konea, na walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi. Chini ya miezi sita au saba, basi, kuacha jicho bila lenzi ni busara pale ambapo familia inaweza kumudu lenzi za kuvaa au miwani mizito ya dayopta 20. Mtoto huyu alikuwa ameshapita umri huo. Lenzi za kuvaa zinataka maji safi, dawa ya kuzihifadhia, mikono ya kuzivua na kuzivisha kila mara, na nyingine ya akiba ikipotea mchangani. Kwa nyumba ya Chanika yenye maji ya kununua kwa ndoo, uamuzi wa kumwekea lenzi ndani ulikuwa sahihi, na tungeuchukua tena.

Hatua zenyewe: kifuko cha lenzi kilipakwa rangi ya buluu ili kionekane, kikafunguliwa mbele kwa duara, lenzi laini ikafyonzwa, lenzi ya bandia ya akriliki ikakaa ndani ya kifuko. Kisha kifuko kilifunguliwa nyuma pia, na sehemu ya mbele ya ute unaojaza jicho ikakatwa kwa mashine. Kwa mtoto chini ya miaka sita hatua hii ya mwisho si ya hiari. Seli zinazobaki kwenye kifuko cha mtoto zinaota kwa kasi, na ukuta wa nyuma ukiachwa mzima unakuwa mweupe ndani ya miezi. Mtu mzima atakalishwa kwenye mashine ya leza dakika tano, mtoto wa mwaka mmoja hakalishiki. Tundu likatwe la milimita 4 hadi 5. La kushoto lilikuwa na ukubwa huo. La kulia, mboni ikiwa imeanza kusinyaa kuelekea mwisho wa upasuaji, liliishia karibu milimita 3, na karatasi iliandika hivyo. Kumbuka namba hiyo.

Kidonda kilishonwa kwa uzi wa 10-0, kwa kuwa konea ya mtoto ni laini na haijifungi yenyewe, tena mtoto anasugua jicho. Macho yenye airisi (duara la rangi linalozunguka mboni) nyeusi yanavimba ndani kwa nguvu zaidi, hivyo alipewa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mwishoni, matone ya prednisoloni ya asilimia 1 kila baada ya saa mbili wiki ya kwanza, yakapunguzwa pole pole hadi wiki ya sita, pamoja na atropini ya kupanua mboni.

Siku ya kwanza, wiki ya kwanza, wiki ya nne: yote safi. Kipimo cha miwani kilisoma +5.00 macho yote. Mtoto asiyetembea dunia yake iko mkononi na usoni mwa mama, na lenzi ya bandia haiwezi kujikunja kutafuta karibu, kwa hiyo aliandikiwa +7.50 ili aone vizuri kwenye umbali wa mkono. Wiki mbili baadaye alikuwa anafuata kijiko cha uji.

Miezi kumi na sita bila miwani

Akiwa na miaka miwili na nusu, mkono mmoja wa miwani ulivunjika. Fundi wa mtaani akaufunga kwa waya; waya ukamchubua sikio; mtoto akaikataa; ikawekwa kabatini. Mwezi uleule baba alihamisha kibanda chake cha biashara na namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili ikafa. Hakuna aliyempigia mama, na mama naye alikuwa na sababu ya kuamini kwamba kazi imekwisha: mtoto anatembea, anakimbia, anaokota punje ya mchele. Safari ya kliniki kutoka Chanika ni daladala mbili, siku nzima, na kibarua kilichokosekana.

Hapa ndipo jicho la kulia lilipopotea. Aliporudi akikaribia miaka minne, baada ya chekechea kulalamika kwamba anaandika pua ikiwa juu ya daftari, mambo matatu yalikutwa kwa pamoja. Tundu la milimita 3 la jicho la kulia lilikuwa limezibwa na utando. Jicho hilo lilikuwa limekengeza kwa ndani. Na ubongo ulikuwa umelitupa: kulia 6/60, kushoto 6/24. Bila miwani kwa miezi 16 macho yote mawili yalikuwa yanapokea picha ya ukungu, lakini la kulia lilipata ukungu juu ya ukungu, na katika mashindano ya namna hiyo ubongo hauoni huruma.

Utando ulikatwa chini ya nusu kaputi, safari hii tundu likapanuliwa vya kutosha. Namba za miwani zilikuwa zimeshuka kutoka +5.00 hadi +2.00, kama ilivyotarajiwa kwa umri, na sasa akaandikiwa miwani yenye sehemu mbili, chini ikiwa na +3.00 ya ziada kwa kusomea. Mstari wa kugawa unapaswa upite katikati ya mboni. Ukiwekwa chini kama wa mzee, mtoto anachungulia juu yake na hautumii kamwe.

Kisha kuziba jicho la kushoto, saa nne kwa siku. Mama aliambiwa neno moja tu, "mzibe", akapewa plasta. Wiki mbili baadaye plasta ilikuwa imeachwa, na ukifikiri vizuri mtoto alikuwa na haki: amezibwa jicho linaloona, amebakiziwa lisiloona, na jasho la Dar linaing'oa plasta kabla ya saa moja kuisha. Kilichofanya kazi baadaye kilikuwa hiki. Ngozi inafutwa jasho na kukaushwa kwanza. Plasta inabandikwa usoni, siyo kwenye kioo cha miwani, maana mtoto huchungulia pembeni, na miwani inavaliwa juu yake. Saa nne zinagawanywa mara mbili, asubuhi baada ya uji na alasiri kivulini, na wakati huo anapewa kazi ya karibu inayomvutia: kuchambua mchele, kupaka rangi, kuhesabu vizibo vya soda. Kuziba huku anazurura tu uani hakuleti mengi. Bibi ndiye aliyesimamia, akaweka alama ya mkaa ukutani kwa kila siku iliyofanikiwa. Baada ya miezi minane kulia kulifika 6/36.

Kuna neno moja la kuwaambia wazazi kuhusu miwani ya watoto wadogo, kwa sababu kisa kizima kiligeukia mkono wa plastiki. Fremu iwe ya kujikunja, isiyo na bawaba za chuma, na ifungwe kwa mkanda wa lastiki nyuma ya kichwa. Fundi cherehani anaushona kwa dakika chache. Kioo kiwe cha plastiki isiyopasuka. Namba ziandikwe kwenye kadi ya mtoto, si kwenye faili la hospitali peke yake, ili miwani mpya iweze kutengenezwa popote. Na ikiwezekana kwa namna yoyote, ziwe jozi mbili.

Presha ya jicho iliyokuja kimya

Kati ya miaka mitano na nusu na saba alihudhuria mara moja tu, duka la miwani, akabadilishiwa namba. Jicho la kulia lilikuwa limehitaji -3.00, namba ya asiyeona mbali. Akapewa -3.00. Hakuna aliyeuliza kwa nini la kushoto liko -0.50.

Swali hilo lilikuwa la thamani kuliko miwani yenyewe. Macho yaliyofanyiwa upasuaji siku zinazokaribiana, yakawekewa lenzi sawa, yanatakiwa yashuke namba kwa mwendo unaokaribiana. Moja likikimbia, kwanza ufikirie kwamba linavutwa na presha: ganda la jicho la mtoto bado linanyumbulika, presha inalirefusha, na urefu unaonekana kama uoni hafifu wa mbali. Alipoletwa kliniki ana miaka saba, kulia kulikuwa -5.50, presha 31, kikombe cha neva (shimo la katikati ya neva ya jicho, linalotanuka neva ikifa) 0.7. Kushoto -1.00, presha 17, kikombe 0.3. Hakuwa na maumivu, jicho halikuwa jekundu. Neva iliyokwishakufa hairudi, na 6/36 iliyopiganiwa kwa miezi minane ikashuka tena hadi 6/60.

Glakoma baada ya kutolewa mtoto wa jicho inangoja. Katika utafiti ule wa Marekani, waliopata glakoma walikuwa asilimia 9 mwaka wa kwanza, 17 kufikia mwaka wa tano, 22 kufikia wa kumi. Ukiongeza wale wa kutiliwa shaka wanafika 40. Walikuwa watoto wachanga zaidi kuliko wetu, wa jicho moja, wakifuatiliwa kwa ukaribu ambao ni vigumu kuulinganisha na wetu. Mstari wa kupanda ndio wa kutazama: haulali. Katika miaka kumi na nusu, robo ya watoto hao walikuwa na 6/12 au zaidi katika jicho lililotibiwa, na asilimia 44 walikuwa 6/60 au chini yake. Mzazi aambiwe namba hizi mapema, kwa upole, kabla ya kutia saini fomu. Ndizo zitakazomrudisha kliniki mwaka wa sita.

Mama aliulizwa pia kuhusu matone ya kununua. Watoto wengi wa Dar wanawashwa macho kwa mzio, na duka la dawa linauza matone yenye deksamethasoni bila cheti. Jicho linatulia siku ileile na mama anarudia chupa mwezi hadi mwezi. Steroidi hiyo inapandisha presha hata kwa jicho zima, sembuse hili. Safari hii jibu lilikuwa hapana, lakini swali liulizwe kila mara, na mama aletee chupa zote zilizoko nyumbani.

Alianzishiwa timololi ya asilimia 0.25 mara mbili kwa siku, baada ya kuhakikisha hana pumu, na mama akafundishwa kubonyeza kona ya ndani ya jicho dakika mbili ili dawa isishuke puani na kuingia damuni. Presha ikashuka hadi 23. Ikaongezwa dorzolamidi, ikakaa 18. Ikipanda tena, kinachofuata ni upasuaji wa kuitolea maji njia, na kwa jicho la aina hii mrija hudumu kuliko tundu la kawaida, ambalo kwa watoto huziba kwa kovu.

Alipo sasa

Shuleni aliwahi kupendekezwa kuhamishiwa nukta nundu, maandishi ya wasioona. Pendekezo lilikuwa la nia njema lakini si sahihi: mtoto mwenye 6/18 jicho moja anasoma maandishi ya kawaida akikaa mstari wa mbele, mgongo kwa dirisha, na mwalimu akisoma kwa sauti anachoandika ubaoni. Shule ya Uhuru Mchanganyiko, inayopokea wasioona, ina nafasi yake kwa wanaoihitaji kweli. Huyu anahitaji dawati, kofia ya jua na lenzi ya kukuza herufi za kamusi. Makengeza yatanyooshwa baadaye kwa ajili ya sura, presha ikiwa imetulia, na aambiwe wazi kwamba kuyanyoosha hakutaongeza uoni.

Jicho la kushoto ndilo la kulindwa sasa kuliko kitu chochote. Miwani yake ni ya kioo kisichopasuka hata siku ambayo namba zake zingekuwa sifuri, kwa sababu hana jicho la akiba. Akiona ghafla vimulimuli, nzi weusi wengi au pazia pembeni, aje siku hiyohiyo, maana retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaweza kubanduka hata miaka mingi baada ya upasuaji wa utotoni.

Miadi ni kila miezi mitatu kwa jicho la kulia, na la kushoto linapimwa safari hiyohiyo: uoni, presha, namba za miwani, neva, na mara moja kwa mwaka urefu wa jicho. Kwenye faili kuna namba tatu za simu, ya mama, ya bibi na ya mwalimu wa darasa. Mama ana ujauzito wa miezi saba. Kadi yake ya kliniki ya wajawazito imeandikwa kwa wino mwekundu: mtoto aangaliwe mboni kabla hajatoka wodi ya wazazi.